Aksolotli wako hali, anatema au anaelea: tatizo linaanzia wapi?

Malalamiko kuhusu ulaji wa aksolotli, amfibia mwenye mkia na miguu minne anayeishi majini maisha yake yote, hujirudia kila mwezi: amesusa, anatema, anataka kitu kimoja tu, tumbo limevimba. Wengi wanaouliza ni wazazi walioko Minneapolis, Birmingham au Hamburg, ambao watoto wao walimjua mnyama huyu kwenye mchezo wa Minecraft, alikoingizwa mwaka 2021, wakaomba mpaka wakanunuliwa. Swali huwa lile lile: "Nimpe nini kingine?" Lakini mara nyingi chakula hakina kosa. Kosa liko kwenye maji, na ukijaribu vyakula vitano kabla ya kuyapima utakuwa umeongeza uchafu tu.

Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, pima mambo matatu. Joto la maji liwe nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. 20 anavumilia, 24 anaumia. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, ziwe sifuri kabisa. Nitrati ibaki chini ya sehemu 20 kwa kila milioni, na ikifika 40 usingoje, badilisha sehemu ya maji leo. Vifaa vya kupimia vya matone ni vya uhakika kuliko vile vijikaratasi vya kuchovya.

Utahitaji pia kujua hali ya kawaida ikoje. Aksolotli mwenye afya ana tumbo lenye upana unaokaribiana na wa kichwa chake ukimtazama kutoka juu. Mkubwa, wa sentimita 18 na kuendelea, hula mara moja kila baada ya siku mbili au tatu. Mdogo hula kila siku. Msingi wa lishe ni nyungunyungu: huyo ndiye ugali, vingine vyote ni mboga.

Amesusa kabisa

Sababu inayoongoza ni joto. Huyu ni mnyama wa maji baridi ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yakipanda, mwili unahitaji nguvu zaidi huku maji yenyewe yakibeba oksijeni kidogo, na hamu ya kula inakatika. Ndiyo maana Ulaya kesi hizi huongezeka Julai na Agosti. Kwa walioko Mombasa au Dar es Salaam nasema wazi: bila mashine ya kupoza maji, usimfuge. Tangi la pwani hukaa juu ya nyuzi 25 karibu mwaka mzima. Na hata ukiwa na mashine, spishi hii imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kumwingiza nchini kunahitaji vibali.

Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha nyuzi mbili hadi nne. Chupa za barafu husaidia siku ya dharura, lakini hupandisha na kushusha joto kwa ghafla, na mabadiliko hayo yenyewe yanamchosha.

Sababu ya pili ni tangi changa. Watu hununua tangi Jumamosi na mnyama Jumapili. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji wiki kadhaa kukaa kwenye filta, na mara nyingi huchukua mwezi au zaidi. Ukikuta amonia, badilisha maji kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini mpaka usomaji urudi sifuri. Kuacha maji ya bomba kwenye ndoo usiku kucha hakutoshi pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo hairuki hewani kwa urahisi. Tumia dawa ya kuondoa klorini, ile isiyotiwa mshubiri.

Vyote viwili vikiwa sawa, fikiria mambo madogo. Amehamishwa juzi? Mpe siku tatu hadi tano. Taa ni kali? Hana kope, na hula vizuri zaidi jioni taa ikiwa imezimwa na akiwa na pango la kujificha. Ni mkubwa na unamlisha kila siku? Basi hajasusa, ameshiba. Dume aliye katika msimu wa kuzaana naye anaweza kupuuza chakula kwa siku kadhaa huku akizungukazunguka tangi.

Mkubwa aliyenona anaweza kukaa wiki mbili bila kula na asipate madhara. Mdogo wa chini ya sentimita 8 hana akiba hiyo.

*Acha kujaribu, mpigie daktari wa wanyama:* mkubwa akipitisha siku 14 bila kula maji yakiwa safi na baridi. Mdogo akipitisha siku tatu. Au wakati wowote kususa kukiambatana na ncha ya mkia kujikunja kama ndoana, matamvua kupinda kuelekea mbele kwa siku kadhaa, au mabaka mekundu miguuni na tumboni. Mabaka hayo yanaweza kuwa dalili ya maambukizi ya damu, na hapo saa zina maana.

Anakamata, kisha anatema

Jiulize kwanza mnyoo wako ametoka wapi. Minyoo ya mboji, ile myekundu myembamba inayofugwa kwa ajili ya mbolea, ikishikwa hutoa majimaji ya njano yenye harufu na uchungu. Aksolotli huionja, huitema, na wengine baada ya mara mbili hukataa hata mnyoo mwingine mzuri. Ukinunua minyoo kwa watengeneza mboji wa Nairobi au Arusha, tegemea kwamba ni hii. Una njia mbili: ichovye kwenye maji ya moto sekunde chache, uioshe kwa maji baridi na kuikata, au tafuta nyungunyungu wakubwa, wale wanaouzwa kwenye maduka ya chambo Ulaya na Marekani. Njia ya pili ni bora. Hakikisha tu hawajatiwa rangi: baadhi ya maduka huwapaka kijani ili samaki wawaone.

Nyungunyungu wa kuchimba bustanini ni sawa ikiwa unajua bustani hiyo haijawahi kupigwa dawa. Nyasi za uwanja wa jirani au za bustani ya umma huwezi kuzijua, kwa hiyo ziache. Waweke minyoo siku moja kwenye karatasi yenye unyevu ili watoe udongo tumboni, wasuuze, ndipo uwalishe.

Sababu inayofuata ni ukubwa. Aksolotli hatafuni. Hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia kwa nguvu pamoja na mawindo, na meno yake madogo kazi yake ni kushika tu. Kipande kinene kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake kitarudi nje. Mnyoo mzima mrefu anaweza kummeza nusu, kupumzika, kisha kumalizia. Hilo si kutema, usimvute.

Chembe za chakula ngumu nazo hutemwa. Zile za kuzama, laini, zilizotengenezwa kwa samaki walao nyama kama samoni, hukubalika zaidi. Loweka nusu dakika kabla ya kuzidondosha. Maabara nyingi za Marekani zimelea aksolotli kwa chembe za aina hiyo kwa vizazi, hivyo usiamini anayesema ni chakula bandia kisichofaa.

Ikiwa anatema kila kitu, hata vilaini, mwangalie mdomo anapoufungua. Ukiona utando mweupe kama pamba, kidonda, taya lisilofunga au kitu kilichokwama, usiingize kibano mdomoni. Taya lake ni laini mno kwa mkono wa mtu asiyefundishwa. Hiyo ni kazi ya daktari.

Hataki kingine ila funza wekundu

Hili ndilo lalamiko ninaloliona zaidi ya yote, na ndilo linalozaa mengine baada ya miezi. Funza wekundu ni viluwiluwi vya usubi wanaouzwa wakiwa wamegandishwa kwenye vipande vidogo. Kwa mdogo wa sentimita 5 ni chakula kizuri. Kwa mkubwa ni vitafunio: wamejaa maji, wana kalsiamu ndogo, na ili ashibe atahitaji rundo ambalo nusu yake itaozea chini ya tangi. Anayelelewa kwa hao peke yao hukonda polepole huku akionekana anakula.

Kwa nini anang'ang'ania? Mara nyingi dukani alilelewa nao, maana ni rahisi kuwadondosha. Sababu ya pili ni mfugaji mwenyewe: mnyama akikataa mnyoo saa mbili usiku, saa mbili na dakika tano ameletewa funza. Amejifunza kungoja. Sababu ya tatu ni kwamba hajautambua mnyoo kuwa chakula. Macho yake ni hafifu. Anawinda kwa harufu na kwa kuhisi mtikisiko wa maji, na kipande kilicholala kimya kwenye kona hakimwambii chochote.

Ikiwa ana zaidi ya sentimita 15 na tumbo lake halijapungua upana, fanya hivi. Usimlishe siku mbili au tatu. Jioni, zima taa, kata nyungunyungu kipande cha sentimita 2, kichovye kwenye maji yaliyotoka kwenye funza walioyeyuka ili kipate harufu anayoijua, kishike kwa kibano cha plastiki na ukipitishe taratibu kando ya mdomo wake. Usimgonge pua. Akikataa, jaribu tena baada ya dakika tano, kisha toa kipande na ufunge duka. Usimletee funza usiku huo. Rudia baada ya siku mbili. Wengi husalimu amri kabla ya wiki mbili kwisha.

Mdogo usimfungishe. Saga au katakata nyungunyungu vipande vyembamba, vichanganye na funza, na uongeze nyungunyungu kidogo kidogo kila siku.

Wakati wowote upana wa tumbo ukishuka chini ya ule wa kichwa, simamisha mazoezi haya, mrudishie anachokubali, na umwone daktari. Kumfundisha kula si mashindano ya ukaidi.

Akishakubali, panga mzunguko. Nyungunyungu kwenye milo mingi; chembe za kuzama zenye protini ya asilimia 40 au zaidi mlo mmoja kati ya mitatu au minne; mara moja moja kipande cha kamba mbichi asiyetiwa chumvi, minyoo myeusi ya majini, au hao funza wekundu. Dafnia, vijidudu vidogo vya majini vinavyorukaruka, ni nzuri kwa wadogo na huwafanya wakimbize. Mchanganyiko huu haulengi kumfurahisha. Lengo ni kwamba upungufu wa chakula kimoja uzibwe na kingine, na pia siku duka la chambo likifungwa usibaki na mnyama anayejua ladha moja.

Kuna vitu ambavyo watu huviita "kubadilisha lishe" na mimi naviita kumdhuru. Nyama ya ng'ombe, moyo na maini: zamani maabara zilizoea kuwalisha hivyo, lakini mafuta ya mnyama wa damu moto hayasagiki vizuri katika mwili ulio kwenye nyuzi 17. Funza wagumu wa unga, wenye ganda lisilomeng'enyeka. Soseji, kuku wa kuchemsha, mayai. Achana navyo.

Tumbo limevimba, anaelea, au hajapata choo

Tofautisha kwanza. Kuelea kwa saa moja baada ya kula, kisha akashuka, ni hewa aliyomeza alipodaka chakula karibu na uso wa maji. Mlishe chini kabisa ya tangi. Wengine, hasa wachanga, huelea kwa makusudi na kushuka wakitaka. Huyo si mgonjwa. Mgonjwa ni yule anayepiga miguu kutaka kushuka asiweze, au anayeelea upande mmoja au chali.

Tumbo kubwa bila kuelea? Ikiwa ni jike aliyekomaa, uvimbe uko pande zote mbili na anakula kama kawaida, huenda ana mayai. Jike mmoja anaweza kutaga mamia. Ikiwa si mayai, jibu la kawaida ni kwamba amelishwa kupita kiasi, hasa chembe kavu ambazo huvimba tumboni. Mpumzishe siku tatu hadi nne, punguza joto hadi karibu nyuzi 16, na ungoje choo. Choo cha kawaida ni cha rangi ya kahawia iliyokoza na hakisambaratiki papo hapo.

Kisha angalia sakafu ya tangi. Changarawe ndiyo muuaji wa kimya wa aksolotli. Anapofyonza mnyoo hufyonza na jiwe, na jiwe la ukubwa wa mbaazi linaingia bila kizuizi lakini huenda lisitoke. Toa changarawe leo, hata kama hajaugua. Acha sakafu tupu, au weka mchanga laini usiozidi milimita 1 kwa wenye zaidi ya sentimita 15. Mawe ya kupambia yawe makubwa kuliko kichwa chake.

Mtandaoni utashauriwa umtie kwenye friji, kwenye maji ya nyuzi 5 hadi 8, ili tumbo lifunguke. Mbinu hiyo ipo, lakini ikifanywa vibaya inamuua mnyama aliyedhoofika, na haitoi jiwe lisilotoka. Usiifanye bila daktari kukuongoza.

*Usingoje kesho:* hajapata choo zaidi ya wiki na tumbo ni gumu upande mmoja. Unajua amemeza jiwe. Mwili mzima umejaa maji mpaka shingo na miguu. Anatapika chakula kilichooza. Au kitu kimechomoza kwenye tundu la nyuma. Usikisukume, usikivute. Daktari atapiga eksirei.

Anakula lakini anadhoofika

Hapa ndipo samaki wanapoingia. Kwenye Minecraft, aksolotli huvutwa kwa ndoo ya samaki wa kitropiki, basi mtoto anaona ni haki kumnunulia samaki wadogo wa dhahabu awakimbize. Samaki wa dhahabu na jamaa zake wa jamii ya karpu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Akiwala mara kwa mara, mnyama hupungukiwa na vitamini hiyo: hulegea, hukosa shabaha, hupoteza uwiano. Huyo samaki pia huleta vimelea na, kabla hajaliwa, huyadonoa matamvua. Huko Xochimilco kwenyewe samaki wamekuwa balaa: karpu, pamoja na sato wetu wa Afrika waliopelekwa huko kwa ajili ya ufugaji, hula mayai na makinda ya aksolotli.

Akiwa amelelewa kwa samaki au kwa funza pekee na sasa anatetemeka, anakosea shabaha, uti wa mgongo unapinda au taya limelegea, kubadilisha lishe pekee hakutoshi. Vitamini na kalsiamu zina vipimo vyake, na ngozi yake hunyonya kila kitu kilichomo majini, kwa hiyo usimwage dawa ya binadamu wala dawa ya samaki yenye shaba kwenye tangi. Daktari.

Matamvua yaliyofupika au kupauka peke yake ni jambo jingine. Rangi hubadilika kutwa kulingana na damu na oksijeni. Manyoya ya matamvua yakinyonyoka, rudi kwenye kipimo cha amonia, si kwenye chakula.

Wachanga wanang'atana miguu

Njaa na msongamano. Wakiwa na sentimita 2 hadi 7 hudaka chochote kinachotikisika, ukiwemo mguu wa ndugu. Walishe mara mbili kwa siku, viumbe hai vidogo kama artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) walioanguliwa au dafnia, na uwatenge kwa ukubwa. Mguu utaota tena. Ukiota pamba nyeupe, mtenge kwenye maji safi baridi na uombe ushauri.

Maji yanachafuka kila baada ya mlo

Unaacha mabaki. Nyonya kila kisicholiwa ndani ya nusu saa kwa sirinji kubwa au bomba la jikoni la kunyonyea mchuzi lililotengwa kwa kazi hiyo, na choo pia ukikiona. Ikiendelea, kiasi ni kikubwa mno.

Ukienda kwa daktari

Si kila daktari wa mbwa na paka hupokea amfibia. Tafuta anayewatibu ukiwa bado huna shida, na uandike namba yake juu ya tangi. Safari ikifika, mweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wenye matundu, maji ya tangi lake yamfunike, na chupa ya barafu iliyofungwa taulo ikae nje ya chombo, isiwe ndani. Usimlishe siku hiyo. Beba chupa safi yenye maji ya tangi, vipimo vyako vya wiki iliyopita, orodha ya kila alichokula kwa mwezi mmoja pamoja na kiasi, na picha ya choo cha mwisho. Ikiwa tangi lilikuwa na changarawe, chukua vijiwe viwili vitatu ili daktari ajue anatafuta kitu cha ukubwa gani kwenye eksirei.